Mkimbizi, Mkimbiza na Kimbilio: Uchunguzi wa Neno Moja la Mpakani

Mtu akitaka kujua Waswahili huitaje "refugee", jibu alipatalo ni moja, nalo ni mkimbizi. Tafsiri hiyo imekwisha kukubaliwa na mahakama, idara za Serikali, magazeti na redio, hata ni nadra kumwona mtu akiuliza kama maneno hayo mawili husema jambo moja. Ukweli ni kwamba hayasemi jambo moja. Neno la Kiingereza humtaja mtu kwa mahali alipokwenda kujisitiri. Neno la Kiswahili humtaja kwa mbio zake peke yake.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo kwa msomaji akaaye mbali na mipaka. Lakini kwa mkazi wa Nyantakara wilayani Biharamulo, au wa vijiji vya Ngara vinavyopakana na Rwanda na Burundi, neno hili si la vitabuni. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 limekuwa mojawapo ya maneno yanayoamua nani apewe shamba, nani apewe hema, na nani aamriwe kuondoka. Kwa sababu hiyo lastahili kuchunguzwa asili yake, umbo lake na matumizi yake.

Asili ya neno la Kiingereza

Shina la neno "refugee" ni kitenzi cha Kilatini fugere, maana yake kukimbia. Kwa kutanguliza kiambishi re-, Walatini walipata refugium, yaani mahali mtu anapokimbilia apate salama. Wafaransa walilirithi neno hilo, wakaunda kitenzi chao, na kutoka kitenzi hicho wakamwita mtu aliyekwisha kujisitiri réfugié.

Neno hilo liliingia katika Kiingereza kwa sababu ya tukio linalojulikana. Mwaka 1598 Mfalme Henri IV wa Ufaransa alitoa Amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti wa nchi yake haki ya kuabudu kwa namna yao. Mwaka 1685 mjukuu wake, Louis XIV, aliifuta amri hiyo. Waprotestanti wengi wakatoroka, wengine kwenda Uholanzi, wengine Ujerumani, na wengine Uingereza, ambako wafumaji wao wa hariri walipata sifa kubwa katika mtaa wa Spitalfields mjini London. Waingereza walilichukua jina ambalo wageni hao waliitwa kwa lugha yao wenyewe, wakaliandika kwa kadiri masikio yao yalivyolisikia. Kwa hiyo "refugee" mwanzoni lilikuwa jina la watu maalumu, wenye dini moja na asili moja, nao waliitwa hivyo baada ya kuwa wamekwisha pokelewa.

Katika karne zilizofuata maana ilipanuka. Ilipoanza Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914, Wabelgiji wapatao 250,000 walivuka bahari kuingia Uingereza, na hao pia wakaitwa kwa neno lile lile ingawa hawakufukuzwa kwa sababu ya dini yao. Tangu hapo neno limewahusu watu wowote waliofukuzwa na vita au dhuluma. Hata hivyo halijaacha asili yake. Mbio zimo ndani yake, kwa kuwa shina lake ni kukimbia, lakini kinachosikika kwanza ni kimbilio.

Umbo la neno la Kiswahili

Neno mkimbizi limeundwa kwa kanuni ya kale iliyozaa majina mengi ya watendaji. Kutoka lea hupatikana mlezi, kutoka zaa hupatikana mzazi, kutoka okoa mwokozi, na kutoka tetea mtetezi. Sauti ya z katika majina hayo ni alama ya l iliyopotea mwishoni mwa kitenzi, ambayo bado husikika kitenzi kinaponyambuliwa, kama vile katika lelea, okolea na kimbilia. Basi kama vile aleaye ni mlezi, ndivyo akimbiaye alivyo mkimbizi.

Lakini si kila akimbiaye huitwa hivyo. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, ni mkimbiaji, wala hakuna Mswahili awezaye kumwita mkimbizi kwa sababu ya mbio zile. Kiambishi -ji humtaja mtu kwa kazi au mazoea yake, nayo ni mambo ayafanyayo kwa hiari. Mkimbizi hana mazoea ya kukimbia. Amepatwa na jambo lililomtia mbioni. Kwa hiyo lugha imegawa kitenzi kimoja mafungu mawili: mwenye hiari amepewa umbo moja, na asiye na hiari amepewa jingine.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa zaidi. Katika kanuni hiyo hiyo, kitenzi kimbiza, yaani kumfanya mwingine akimbie, nacho chaweza kuzaa mkimbizi. Kwa umbo lake peke yake, neno hilo laweza kuwa la anayekimbia au la anayekimbiza. Matumizi ndiyo yaliyoamua kwamba mkimbizi awe ni yule anayekimbia, na wa pili akaachiwa umbo la mkimbiza, ambalo leo husikika zaidi kwa heri, kama wanavyoitwa wakimbiza Mwenge wa Uhuru. Kwa njia hiyo aliyemkimbiza mkimbizi amebaki bila jina la kila siku. Vyombo vya habari husema kila juma kuhusu wakimbizi. Ni mara chache kusikika wakisema kuhusu wakimbizaji wao.

Mtoro na mhamiaji

Maana ya neno huonekana vizuri zaidi likisimamishwa karibu na majirani zake. Jirani wa kwanza ni mtoro. Naye amekimbia, lakini neno lake linamhukumu: mtoro amemwacha mtu au wajibu ambao, kwa maoni ya msemaji, hakupaswa kuuacha. Hutajwa mtoro wa shule, mtoro wa jeshi, na katika zama za utumwa, mtoro aliyemkimbia bwana wake. Mwishoni mwa miaka ya 1880, katika misheni ya Rabai karibu na Mombasa, George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki aliwalipa fidia mabwana wa watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia misheni za sehemu zile, ili watu hao wapate uhuru wao. Kwa mabwana wale, watu hao walikuwa watoro. Kwa nafsi zao walikuwa wamefika kwenye kimbilio. Aliyechagua moja la majina hayo alikuwa amekwisha kuchagua upande katika shauri zima.

Jirani wa pili ni mhamiaji. Umbo la neno hili latofautiana na la mkimbizi kwa jambo moja kubwa. Halikutoka hama, bali hamia, yaani kwenda kukaa mahali palipokusudiwa. Mhamiaji hutajwa kwa mahali aendapo, naye ana -ji ya hiari na mazoea. Mkimbizi hakutoka kimbilia. Ametoka kimbia, kitenzi kisicho na mahali mbele yake. Hakuna asemaye "mkimbilizi". Kwa hiyo Kiswahili, bila kusubiri wanasheria, kilikuwa kimekwisha kutenga watu wawili ambao sheria za mataifa zilikuja kuwatenga baadaye: yule aliyechagua aendako, na yule aliyejua tu atokako.

Majirani wa Kiswahili katika nchi ile husema vivyo hivyo. Katika Kirundi na Kinyarwanda mkimbizi huitwa impunzi, kutoka guhunga, kukimbia. Na mahali pa salama huitwa ubuhungiro, kutoka umbo la kitenzi hicho lenye kuelekea mahali. Kihangaza, lugha ya sehemu kubwa ya Ngara, ni ndugu wa karibu sana wa Kirundi. Hivyo watu waliovuka mpaka na watu waliowapokea walikuwa na wazo moja kuhusu jambo hili kabla Kiswahili hakijawa lugha yao ya pamoja: mtu huitwa kwa mbio zake, na kimbilio hutajwa kwa neno la pili.

Kimbilio

Neno hili la pili ni la heshima kubwa katika Kiswahili. Wakristo hulitumia kwa Mungu mwenyewe, na katika Biblia ya Kiswahili miji sita iliyowekwa kwa ajili ya mtu aliyeua bila kukusudia huitwa miji ya makimbilio. Waislamu nao wana mfano mkubwa wa jambo lenyewe katika hijra ya mwaka 622, ambapo watu wa Makka waliohamia Madina waliitwa muhajirina, na wenyeji waliowapokea wakaitwa ansari, yaani wasaidizi. Yafaa kuangaliwa kwamba katika mfano huo mwenye kupokea naye amepewa jina, wala hakuachwa nje ya habari.

Katika Kiswahili cha kila siku mpokeaji ameachwa bila jina maalumu, lakini hakuachwa bila wajibu. Methali isemayo "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" aghalabu hutumiwa kumwonya mgeni asikae kivivu. Yaweza pia kusomwa kwa upande wa mwenyeji, kwa kuwa jembe halina maana bila shamba, na atoaye jembe amekubali mgeni alime. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ngara baada ya machafuko ya Rwanda yaliyoanza mwaka 1959. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960 Wanyarwanda waliofukuzwa kwao walipewa ardhi huko Muyenzi wilayani Ngara, wakajenga na kulima. Mahali hapo paliitwa makazi, wala si kambi. Mwaka 1980 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000 wa kundi hilo la zamani, na mwaka 1983 Rais Julius Nyerere alipewa Nishani ya Nansen kwa ajili ya mambo aliyowatendea wakimbizi.

Hata hivyo sheria ya siku zile haikuwa na upole wote wa methali. Sheria iliyotungwa katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa na neno la udhibiti katika jina lake, nayo iliipa Serikali mamlaka makubwa juu ya mahali mkimbizi akaapo na mwendo wake. Katika kitabu cha sheria mkimbizi alikuwa mtu wa kuangaliwa. Katika shamba la Muyenzi alikuwa mkulima.

Daraja la Rusumo

Jaribio kubwa la neno hili lilitokea tarehe 28 na 29 Aprili 1994. Katika muda wa siku moja hivi, watu ambao idadi yao ilitangazwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo juu ya Mto Kagera na kuingia Ngara. Walipiga kambi mahali palipoitwa Benaco, kwa jina la kampuni ya Kiitalia iliyopata kutengeneza barabara huko. Ni idadi ile ile ya Wabelgiji walioingia Uingereza katika muda wa vita nzima, nao hapa walifika kabla wenyeji hawajapata hata nafasi ya kuhesabu.

Wote waliitwa wakimbizi, na kwa kweli wote walikuwa wamekimbia. Wengi wao walikuwa wakulima, wanawake na watoto walioogopa vita vilivyokuwa vikiwasogelea. Lakini miongoni mwao walikuwamo pia watu ambao wiki chache kabla walikuwa wamewakimbiza wenzao Watutsi na kuwaua. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa komyuni ya Rusumo upande wa Rwanda, alikamatwa mwaka 2001 katika mkoa wa Kigoma, alikokuwa akiishi kambini pamoja na wakimbizi. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mwaka 2006 mahakama ya rufani ilimhukumu kifungo cha maisha.

Hapo kasoro iliyojificha katika umbo la neno ilidhihirika nje ya sarufi. Jina moja lilimfunika akimbiaye na mkimbiza. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ulikuwa umekwisha kuliona jambo hili, kwa kuwa unamnyima ulinzi wake mtu ambaye ziko sababu kubwa za kuamini kwamba amefanya makosa ya vita au makosa dhidi ya ubinadamu. Lakini katika kambi yenye robo milioni ya watu, wakigawiwa chakula kupitia viongozi wao wa zamani, kuwatenga wawili hao kulihitaji zaidi ya ibara ya mkataba. Mwandishi wa habari aliyeandika "wakimbizi" kila siku hakusema uongo. Alisema theluthi moja ya habari.

Uzito huo ulibebwa na wenyeji pia. Misitu ilikatwa kwa kuni na mashamba yakakanyagwa, na nchi ikapokea kwa muda mfupi watu wengi kuliko wenyeji wake. Tarehe 31 Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi. Desemba 1996 Wanyarwanda waliamriwa kurudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi, na karibu nusu milioni wakarudishwa kwa njia ile ile ya Rusumo. Warundi waliobaki Ngara walikaa Lukole mpaka kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2008.

Mpaka wa neno na mpaka wa nchi

Kwa sheria ya mwaka 1951, mtu hawi mkimbizi mpaka awe nje ya nchi yake, akiogopa kwa sababu ya haki kuteswa kwa ajili ya rangi, dini, taifa, jamii au maoni yake. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, ulipanua maana hiyo kuwaingiza wanaokimbia uvamizi, utawala wa kigeni na machafuko makubwa, lakini nao ulihifadhi sharti la kuvuka mpaka. Kiswahili hakina sharti hilo. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, mamia ya maelfu ya watu waliofukuzwa mashambani mwao waliitwa wakimbizi wa ndani, na msikilizaji hakuona ugeni wowote. Katika Kiingereza cha sheria usemi huo ungekuwa na kinyume ndani yake.

Mwaka 2005, tufani ya Katrina ilipouharibu mji wa New Orleans nchini Marekani, baadhi ya magazeti yaliwaita waliohamishwa "refugees". Viongozi wa Wamarekani weusi, miongoni mwao Jesse Jackson, walilipinga neno hilo, wakisema kwamba linawafanya raia waonekane wageni katika nchi yao. Pingamizi hilo laonyesha jinsi neno lililoanza kwa kutaja usalama lilivyokuja kutaja ugeni. Kiswahili kilikuwa salama na hatari hiyo kwa muda mrefu, kwa kuwa mkimbizi kwa maana yake ya asili si kinyume cha raia. Ni mtu yeyote aliyetiwa mbioni.

Lakini hatari nyingine imekuja kwa mlango wa jirani. Mwishoni mwa Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete akiwa ziarani mkoani Kagera aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke nchini, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilikuwa na sababu zake, hasa ujambazi wa silaha uliowasumbua wananchi barabarani na mashambani. Shida ya lugha ilikuwa nyingine. Miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu waliokaa nchini kwa miongo mingi, na wengine waliozaliwa humo humo. Wazazi wa baadhi yao waliingia wakiitwa wakimbizi. Watoto walitoka wakiitwa wahamiaji haramu. Hakuna aliyehama kati ya majina hayo mawili. Ni jina lililohama.

Wala sikio haliwezi kutoa hukumu katika nchi ile. Bugufi, iliyo sehemu ya Ngara, ilikuwa zamani chini ya ufalme wa Burundi, ikabaki upande wa Tanganyika mipaka ilipochorwa. Mhangaza raia na Mrundi aliyeingia jana husikilizana bila mkalimani. Anayetaka kujua nani ni nani katika soko la Nyantakara hawezi kutegemea matamshi. Na asipokuwa mwangalifu katika kuchagua jina, ataweza kumfukuza mwenye kwao.

Hitimisho

Kutokana na hayo yote, haifai kudai kwamba mkimbizi ni tafsiri mbaya, wala kwamba litafutwe neno jipya. Ni neno la kweli kuliko mwenzake wa Kiingereza kwa jambo moja: halimwahidi mtu kimbilio kabla hajalipata. Upungufu wake ni kwamba lataja mmoja tu kati ya watu watatu ambao bila wao hakuna mkimbizi, nao ni akimbiaye, amkimbizaye, na amkaribishaye au kumfungia mlango. Kiswahili kinao uwezo wa kuwataja wote watatu kwa shina moja, yaani kimbia, kimbiza na kimbilia, nao ni uwezo ambao Kiingereza hakina.

Basi mwandishi wa habari, mfasiri wa sheria na mtunga kamusi wana kazi ya kufanya. Kamusi isiridhike kuandika mkimbizi mkabala na "refugee" bila kueleza kwamba moja limebeba mahali na jingine halikubeba. Mfasiri wa sheria, afikiapo haki ya kupata hifadhi, alitumie kimbilio waziwazi badala ya kudhani kwamba limo katika mkimbizi. Na mwandishi wa habari, kila aandikapo kwamba wakimbizi wamefika Ngara au Biharamulo, aongeze sentensi mbili: moja iseme nani amewakimbiza, na ya pili iseme wamekimbilia kwa nani, na mwenyeji huyo amepewa nini cha kumsaidia kuwapokea.